Shule za mabati (APBET): serikali izilipe, izifunge, au iendelee kufumba macho?

Chaki_ya_Mukuru (mwenye uzi)

Wadau, nimeuweka uzi huu huku na si kule jukwaa la siasa, maana kule kabla ya ukurasa wa pili tutakuwa tunaulizana makabila.

Mimi ni mwalimu katika shule ya APBET hapa Mukuru. Kwa wageni wa mambo haya, APBET ni jina la kiserikali la zile mnazoita shule za mabati: shule za mitaa ya mabanda zilizoanzishwa na kanisa, kikundi cha akina mama, shirika, au mtu tu aliyekuwa na vyumba vya kukodisha akaona watoto wanalipa vizuri kuliko wapangaji. Sera ya kuzitambua ilitoka mwaka 2009. Miongozo ya kuzisajili ikafuata baada ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kwa hiyo hatujajificha, tunajulikana.

Sasa angalieni hesabu. Mtoto wa gredi ya nne katika shule ya umma ana mgao wa shilingi 1,420 kwa mwaka kutoka wizarani. Mwalimu wake analipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Vitabu vinaletwa na lori mpaka getini. Hapa Nairobi, chakula cha mchana cha Dishi na Kaunti anakilipia shilingi tano tu. Mtoto wa ploti hiyohiyo anayesoma kwetu hana hata kimoja kati ya hivyo. Mamake ananiletea karo vipande vipande, hamsini leo, mia kesho, na siku nyingine ananiambia, "Mwalimu, ngoja mjengo walipe." Mimi mwenyewe nalipwa elfu nane kwa mwezi, ikipatikana.

Najua mtu ataandika "si ahamie shule ya umma, ni bure." Ndugu, ipi? Shule za umma humu Mukuru zinahesabika kwa vidole, na zilizopo darasa moja lina watoto themanini na zaidi. Nyingine iko ng'ambo ya barabara ambayo hata mimi naivuka nikikimbia. Na saa nane na nusu wadogo wanaachiliwa waende nyumbani, nyumbani kwenyewe hakuna mtu, mama yuko Industrial Area mpaka jioni. Sisi tunakaa nao. Hilo peke yake ndilo linalotuletea nusu ya watoto wetu, wala si kwamba tunafundisha kuliko wengine.

Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kila mtoto. Sheria ya 2013 nayo inajua aina mbili tu za shule, ya umma na ya kibinafsi, na sisi tumetupwa kwa kibinafsi pamoja na zile shule zenye mabwawa ya kuogelea. Mnakumbuka 2011, waziri akiwa Profesa Ongeri, nafasi za shule za kitaifa zilipogawanywa upya ili waliotoka shule za umma wapate nyingi? Nia ilikuwa kuwapunguza watoto wa matajiri. Mtoto wa Kibera aliyefanya KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwenye banda la mabati akahesabiwa upande mmoja na mtoto wa Runda.

Hoja yangu: usajili, ukaguzi na msaada viwe kitu kimoja. Sisemi mtupe mwenye shule hundi. Nasema leteni vitabu, leteni afisa wa kumwangalia mwalimu akifundisha, leteni injinia wa kaunti aangalie ukuta, na mwalimu mwenye namba ya TSC aongezewe kitu. Shule ikikubali hivyo, ikubali pia kamati ya wazazi, na hesabu zake zibandikwe ukutani. Ikikataa, hapo funga. Leo ukaguzi tunaouona una silaha moja tu, kufuli, na mtu akijua unakuja na kufuli hawezi kukuonyesha ufa.

Mawazo yenu.

---

Bwana_Hesabu

Mwalimu, umeandika vizuri lakini mimi napinga, na sina shule ya kutetea.

Kazi yangu ni vitabu vya hesabu. Hizo 1,420 unazozionea wivu hazifiki zote, na zinazofika zinachelewa, muulize mwalimu mkuu yeyote wa shule ya umma. Julai 2025 Waziri wa Fedha, Mbadi, alienda mbele ya wabunge akasema serikali haiwezi kuubeba ule mgao kamili wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Mwaka huohuo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akasema kuna pesa zimetumwa kwa shule ambazo hazipo. Hazipo kabisa! Sasa kama shule za umma, ambazo zina kibao, zina akaunti, zina bodi na zina mwalimu mkuu ambaye ni mwajiriwa wa TSC, bado zimeshindikana, wewe unataka tuongeze shule zinazohama ploti mwenye nyumba akipandisha kodi?

Na msisahau tulishajaribu. Ule mpango wa sekta ya elimu wa kuanzia 2005, KESSP, baadhi ya shule zisizo rasmi zilikuwa zinapata pesa za vitabu. Kilichofuata ni kashfa ya 2009, pesa za elimu bila malipo zikaliwa pale juu, Uingereza ikazuia msaada wake, Marekani nayo ikafuata mapema 2010. Waliolala njaa ni nyinyi, walioiba wakahamishwa idara.

Jenga shule za umma. Pesa yote iende huko.

---

Mama_Wawili

Bwana Hesabu, "jenga shule za umma" nimeisikia tangu kifungua mimba wangu hajazaliwa, sasa yuko gredi ya sita.

Niseme vile mimi naona. Ploti yetu ina watoto wa shule ya umma na watoto wa apbet. Saa za lanchi hawa wa umma wana bangili mkononi, wanagusisha tu kwa kifaa, sahani inatoka. Wangu wananiuliza, "Mama, bangili inauzwa wapi?" Wanadhani ni kitu cha dukani. Utamweleza nini mtoto wa miaka saba, kwamba serikali ya kaunti inajua njaa ya huyu na ya yule haiijui?

Mimi nilijaribu shule ya umma. Niliambiwa kuna dawati, kuna sare ya duka fulani, kuna pesa ya mwalimu wa ziada aliyeajiriwa na wazazi, kuna pesa ya karatasi za mtihani. Nikapiga hesabu, ya kuingilia ilinishinda. Kwa apbet nilianza na mia mbili mkononi na mtoto akakaa darasani siku hiyohiyo. Kwa mwaka mzima labda nimelipa zaidi kuliko ningelipa huko. Sikatai. Lakini mimi sipati pesa ya mwaka, napata ya siku.

---

Kiroboto_254

Wizara yenyewe isajiliwe upya kwanza 😂

---

Mstaafu_wa_Ubora

Nimesoma yote kwa makini. Nilikuwa QASO, yaani afisa wa ubora na viwango, mpaka nilipostaafu. Kaunti ndogo siitaji. Wacha niwaambie ukaguzi ulivyo kwa mtu anayeufanya.

Mko wawili, watatu ofisini. Shule ni mamia, na hizo ni zile mnazozijua. Gari ni moja, mafuta ni ya robo ya kwanza ya mwaka. Kwa hiyo unaenda palipo na malalamiko, au palipo karibu.

Ukifika unatoa fomu. Inauliza hati ya ardhi au mkataba wa kukodi. Inauliza ripoti ya afisa wa afya ya umma. Viwango vya wizara vinasema choo kimoja kwa wasichana 25, kimoja kwa wavulana 30. Mwongozo wa usalama wa 2008 nao unataka mlango ufunguke kwa nje, dirisha lisiwe na vyuma. Sasa uko mtaani, shule ina watoto mia tatu na vyoo vitatu ambavyo wanatumia pamoja na ploti jirani. Mlango unafunguka kwa ndani kwa sababu nje ni mtaro. Dirisha lina vyuma kwa sababu bila vyuma madawati yataibwa usiku. Mkataba wa ardhi ni barua ya chifu na maneno ya mdomo na mwenye kibanda.

Nifanye nini hapo? Nikiandika ukweli, shule imeanguka kwa vipengele vyote, bodi ya elimu ya kaunti haiwezi kuisajili. Nikiifunga Jumatatu, Jumatano watoto walewale wako kwenye kibanda kingine uchochoro wa pili, kibaya kuliko hiki, na sasa sina hata faili lao. Kwa hiyo wengi wetu tulikuwa tunaandika "imeshauriwa kurekebisha" na kuondoka. Hilo neno "imeshauriwa" limebeba mengi nchi hii.

Halafu ikaja ajali ya shule ya Precious Talent.

Septemba 23, 2019, Jumatatu, saa moja asubuhi, Ngando kule Dagoretti. Jengo la ghorofa la mbao na mabati, darasa la juu likawaangukia walio chini. Watoto 8 walikufa, makumi wakajeruhiwa. Mwenye shule alilaumu mtaro wa maji taka uliochimbwa nyuma ya jengo. Wizara ikalaumu mwenye shule, kaunti ikatazama upande mwingine. Profesa Magoha, waziri wa elimu wakati huo, akaamuru msako, shule kadhaa zikafungwa wiki zilezile. Sawa, lakini niulizeni nani anakagua jengo la shule ya mabati. Mimi ni mwalimu kwa taaluma, ukuta siujui. Injinia ni wa kaunti, na kaunti kisheria inashughulikia chekechea, shule ya msingi si yake. Afisa wa afya anaangalia choo na maji. Kila mtu ana kipande chake na hakuna aliye na paa.

Kwa hiyo namuunga mkono Chaki kwa nusu. Msaada na ukaguzi viende pamoja, ndiyo. Lakini msimtume afisa mmoja na fomu ileile.

---

Mzee_wa_Geita

Habari za huko majirani. Wakuu, mimi ni wa Tanzania, naomba niingie kidogo kwa sababu sisi tuna kitu kinachofanana na hicho na tumekwenda nacho njia nyingine.

Kwetu tuna shule shikizi. Kitongoji kiko mbali na shule, labda kuna mto katikati au pori lenye fisi. Wananchi wanachanga, wanapandisha boma la madarasa mawili matatu, watoto wa awali mpaka la tatu wanasoma hapo. Kiusajili wako chini ya shule mama, mwalimu anatoka shule mama au wananchi wanamlipa wa kujitolea, na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka inapita kwenye shule mama. Wakifika la nne wanahamia kule, au kama shikizi imekua, inapata usajili wake kamili. Mwaka 2021, ule mkopo wa IMF wa UVIKO, serikali ilijenga madarasa 15,000, na kati ya hayo 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Wananchi walianza na matofali, serikali ikamalizia na bati.

Kuna pia MEMKWA, kwa watoto waliochelewa au walioacha shule, rika la miaka 9 hadi 13 na la 14 hadi 18. Nao hawajengewi kwao, wanawekwa ndani ya shule ya msingi iliyopo. Hiyo sitaisifia sana, vituo vingi vimebaki jina, wawezeshaji wanadai posho mpaka wanachoka.

Ninachouliza ni kwamba, kwa nini apbet zenu zisishikizwe kwenye shule ya umma iliyo karibu? Mwalimu mkuu mmoja, rejesta moja, pesa inapita kwake.

---

Chaki_ya_Mukuru

Mzee wa Geita, karibu sana, na asante, hilo la shule mama sikuwa nalijua kwa undani.

Tofauti kubwa naiona moja: ardhi. Kitongoji chenu kina ardhi ya kijiji, wananchi wakijenga boma hakuna mtu atakuja na hati kusema ni lake. Mukuru, sehemu kubwa ya ardhi iligawiwa watu binafsi miaka ya themanini ijengwe viwanda, hawakujenga, sisi tukajenga vibanda. Kaunti iliitangaza eneo maalum la mipango mwaka 2017, barabara kadhaa zimepita, lakini hati bado ni vita. Serikali haiwezi kumwaga zege kwenye ploti yenye kesi. Hapo ndipo "jenga shule za umma" ya Bwana Hesabu inapokwama. Pesa zikipatikana kesho, utajenga wapi? Juu ya nani?

Lakini rejesta ya pamoja inawezekana, na kwa mlango wa nyuma tayari ipo. Shule zetu nyingi si vituo vya mtihani, kwa hiyo watoto wetu wanasajiliwa KPSEA, mtihani wa gredi ya sita, kupitia shule nyingine. Siku ya mtihani wanavaa sweta zao wanavuka barabara. Kwa hiyo kwenye matokeo ni watoto wa shule mama, ila kwenye mgao ni yatima.

Bwana Hesabu, kuhusu wizi: ndiyo maana nimesema vitu na si hundi. Ushahidi upo. Tusome, ule mradi wa kusoma ulioanza 2015 kwa pesa za Marekani na Uingereza pamoja na wizara. Ulifika shule za umma zaidi ya elfu ishirini, na ulitufikia na sisi wa APBET. Kila mtoto kitabu chake, si cha kushiriki watatu. Na alikuwa anakuja kocha na tablet, anakaa nyuma ya darasa, anaweka saa, anasikiliza mimi nikifundisha sauti za herufi, kisha anawaita watoto watatu mmoja mmoja wamsomee. Tablet inaandika alikuwa wapi na saa ngapi, kwa hiyo hawezi kujaza fomu akiwa hotelini. Baadaye tunakaa kwenye benchi ananiambia: "Umemwita yule wa mbele mara tano, wa nyuma hujamwita." Hakuna mtu aliwahi kuniambia hivyo kabla yake, na hakuja na kufuli. Hakuna aliyeiba vitabu vile, utaviuza wapi kila mtoto akiwa navyo? Mradi ukaisha, kocha akaisha.

---

Bwana_Hesabu

Chaki, la vitabu nakupa. Kitabu ni vigumu kukila.

Mwalimu ndiye tatizo. Umesema mwenye namba ya TSC aongezewe kitu. Haya, serikali ikuongeze elfu tano. Mwenye shule, ambaye leo anakulipa nane, kesho atakuambia "serikali inakupa tano, mimi nitakupa tatu." Wewe umebaki palepale na nane, yeye ameweka tano mfukoni. Umewalipisha walipa kodi faida ya mwenye ploti. Na siku akiuza ploti, ule ukuta ulioimarishwa na injinia wa kaunti umeongeza bei yake.

Nionyeshe utazuiaje hilo kwenye shule ambayo mwenyekiti, mweka hazina na landilodi ni mtu mmoja.

---

Chaki_ya_Mukuru

Shule ya mtu binafsi kabisa isiingie kwenye mpango wa mishahara. Ya kanisa, ya kikundi, ya jamii, ndiyo. Ya mtu apewe vitabu na ukaguzi tu. Anayetaka zaidi aunde bodi ambayo yeye hana kura ya pesa.

---

Bwana_Hesabu

Watasajili makanisa usiku mmoja.

---

Chaki_ya_Mukuru

😂 Hapo umenipata kidogo.

---

Dada_Tableti

Mnazungumza kana kwamba kuna serikali na kuna mabati tu. Katikati kuna kampuni. Hakuna aliyetaja Bridge?

Wale walifungua shule yao ya kwanza hapahapa Mukuru kwa Njenga mwaka 2009. Wawekezaji ni majina makubwa, Gates, Zuckerberg, na IFC ya Benki ya Dunia. Mwalimu anapewa kifaa chenye somo lililoandikwa neno kwa neno, anasoma. Vyama vya walimu vikapiga kelele, Busia kaunti ikafunga shule zao nyingi kwa kukosa viwango na mahakama ikaunga mkono 2017, Uganda nako mahakama iliamua zifungwe mwishoni mwa 2016.

Sasa hapa kuna jambo ambalo pande zote mbili hazilipendi. Michael Kremer, yule aliyepata Nobel ya uchumi 2019, na wenzake walifanya utafiti hapa Kenya kwa kutumia bahati nasibu ya ufadhili, waliopata dhidi ya waliokosa. Matokeo yalitoka 2022: baada ya miaka miwili wanafunzi wa msingi walikuwa mbele kwa karibu mwaka mzima wa masomo, na wa chekechea kwa karibu mwaka na nusu. Hayo si matokeo madogo. Mtu akikuambia shule zile hazikufundisha, anakudanganya.

Lakini huku ndani, ofisi ya IFC yenyewe inayopokea malalamiko ilikuwa inachunguza visa vya watoto kunyanyaswa kingono kwenye shule hizo. IFC ilijitoa Machi 2022. Ripoti ilipowekwa wazi 2024 ilisema IFC haikuzifuatilia ipasavyo hatari hizo kwa watoto. Watu wenye magrafu ya kila swali la hesabu alilokosa mtoto wa gredi ya pili!

Ndiyo maana mtu akisema "tupime matokeo, anayefaulisha apewe pesa" mimi nasita. Kusoma kunapimika kwa tablet. Mtoto anayeogopa kubaki darasani na mwalimu fulani hapimiki hivyo. Anahitaji mtu mzima asiyelipwa na shule, ambaye anaweza kumfikia na kumwambia. Kwenye mpango wa Chaki sijaona huyo mtu ni nani.

---

Mama_Wawili

Dada Tableti umesema kitu kizito. Kwetu huyo mtu ni mama mpishi. Watoto wanamwambia yeye kila kitu. Lakini naye analipwa na mwenye shule.

---

Mstaafu_wa_Ubora

Dada Tableti, kwenye fomu yangu ya zamani hapakuwa na mahali pa kuongea na mtoto. Unaongea na mwalimu mkuu, unaangalia mipango ya somo, rejesta, choo, unatia sahihi kitabu cha wageni. Mwanafunzi unamwona akisimama na kuimba "karibu mgeni wetu." Kama kuna kitu kimoja cha kubadilisha kwenye ukaguzi, hata kabla ya pesa, ni hicho.

Na kwa Mzee wa Geita: mwalimu mkuu wa shule mama ataikataa hiyo kazi, wala si kwa roho mbaya. Ana watoto elfu mbili tayari. Ukuta wa mabati ukianguka, jina litakaloitwa ni lake. Labda apewe naibu wa kazi hiyo tu, na mgao wa wale watoto uje kabla ya dhima. Huku kwetu dhima huja kwanza, pesa inakuja ikikumbukwa.

---

Mzee_wa_Geita

Mkuu, hata kwetu ni hivyohivyo. Mwalimu mkuu wa shule mama anaenda shikizi kwa bodaboda, nauli ni yake. Na sehemu nyingine shikizi imeachiwa mwalimu mmoja madarasa yote, anaandika ubao wa la kwanza, anakimbia la pili. Sikusema tumefika. Nilichosema ni kwamba mtoto yuko kwenye daftari la serikali.

---

Kiroboto_254

Swali la dhati sasa, tuache utani. Olympic pale Kibera ilikuwa shule ya umma inayotetemesha wengine kwenye KCPE. 2003 Rais Kibaki akasema shule ya msingi ni bure, nchi nzima wanafunzi wakaruka kutoka milioni 5.9 hadi 7.2 ndani ya mwaka mmoja, Olympic ikafurika. Watafiti walipozunguka Kibera baada ya hapo wakahesabu shule za kibinafsi 76 bado zimesimama. Maanake bure ilikuja na mabati hayakufa. Mkiyapa pesa sasa, si mnaihakikishia serikali kwamba haitajenga tena? Ikishakupa kitabu na kocha itasema "si mna shule?" Mtoto wa Mukuru atasoma kwa mabati mpaka mjukuu wake.

---

Chaki_ya_Mukuru

Kiroboto, hilo ndilo linanikosesha usingizi kuliko la Bwana Hesabu. Sina jibu safi. Najibu hivi tu: msaada uwe na mwisho. Shule ipewe miaka, tuseme mitano, katika mpango wa eneo kaunti ionyeshe ploti ya shule ya umma iko wapi, na siku inapofunguliwa walimu wetu wenye sifa wahamie nayo na watoto wao. Kama hakuna ploti kwenye ramani, msaada haujaanza. Angalau hapo tutakuwa na karatasi ya kwenda nayo mahakamani.

Na mimi sitaki kuzeekea chini ya bati. Saa saba mchana mwezi wa pili hamjui joto lake. Tunafundisha kwa kupiga kelele, mvua ikinyesha tunanyamaza wote tukaangaliana, hakuna anayesikia.

---

Bwana_Hesabu

"Kama hakuna ploti kwenye ramani, msaada haujaanza." Hiyo sentensi naweza kuitilia sahihi. Ila umegundua umejifunga? Kwa hali ya ardhi uliyoieleza mwenyewe, ploti haitaonekana, na kwa sharti lako basi watoto hawapati hata kitabu.

---

Chaki_ya_Mukuru

Vitabu na kocha visingoje ploti. Mishahara na ukarabati vingoje.

---

Mama_Wawili

Samahani wadau, nyinyi endeleeni na sera, mimi nina swali la wiki hii. Wangu wa gredi ya sita anafanya KPSEA mwaka huu. Nimesikia mzazi mwenzangu akisema shule yetu haijasajiliwa, watoto wanasajiliwa kwingine. Mwenye shule anasema "msijali, mambo yako sawa." Nifanye nini, na nianzie wapi?

---

Mstaafu_wa_Ubora

Mama Wawili, usitosheke na "mambo yako sawa."

Kwanza omba kuona cheti cha usajili cha shule, hakifichwi, hubandikwa ofisini. Kama ni cha muda, soma tarehe. Cheti cha ustawi wa jamii cha kikundi au cha biashara cha kaunti si usajili wa shule, wengi huonyesha hicho.

Pili, omba namba ya mtoto ya KNEC, yaani baraza la mitihani, ile anayopewa tangu gredi ya tatu, na jina la kituo alichosajiliwa kufanyia mtihani. Nenda wewe mwenyewe kwenye shule hiyo ya kituo, uliza kama jina lake lipo kwenye orodha. Angalia jina limeandikwa sawa na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Makosa ya jina yanasumbua kuliko yote, na baada ya usajili kufungwa kuyarekebisha ni safari za ofisi.

Tatu, kama hana namba kwenye NEMIS, mfumo wa wizara wa kuandikisha wanafunzi, ambao sasa wanauhamishia KEMIS, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na cheti cha kuzaliwa. Usiende Ijumaa mchana. Wakikuambia shule ndiyo inayotakiwa kumwingiza na shule haina usajili, waombe waandike hivyo kwenye karatasi, na uulize ni shule gani ya umma ya jirani itampokea sekondari msingi. Wana wajibu wa kukujibu, hata kama wataanza kwa kununa.

Na usilipe mtu yeyote pesa ya "kumfungulia" namba. Hiyo ni bure.

---

Mama_Wawili

Cheti chake cha kuzaliwa kina jina la baba lililoandikwa vibaya. Nianze na hilo au na KNEC?

---

Mstaafu_wa_Ubora

Kwanza angalia shule imemwandikisha kwa jina gani. Kama wamefuata cheti, herufi kwa herufi, acha afanye mtihani kwa jina hilo, utarekebisha vyote pamoja baadaye. Kama wamefuata jina sahihi na cheti ni kingine, basi anza na cheti, kesho asubuhi.